Kufundisha historia ya dunia kidato cha tano na sita kwa uzi mmoja wa pamba

Mwanafunzi anayeingia kidato cha tano huja na historia iliyokatwa vipande. Katika daftari moja ana Mapinduzi ya Viwanda, katika jingine ana biashara ya misafara ya Afrika Mashariki, na katika daftari la jiografia ana pepo za kaskazi na kusi, lakini hajawahi kuonyeshwa kwamba mambo hayo matatu yalikutana katika bandari ya Unguja, katika miaka ileile na mikononi mwa watu walewale. Mtihani wetu wa Tanzania nao unamzoesha kuvitenga, kwa kuwa karatasi ya kwanza inahusu Afrika na ya pili inahusu dunia. Hapa ninaeleza namna ninavyolifundisha somo hili likiwa kitu kimoja, kwa kufuata bidhaa moja kutoka shamba hadi shamba na kutoka karne hadi karne. Mimi hutumia pamba kwa sababu ninafundisha Kanda ya Ziwa, ambako wazazi wa wanafunzi wangu wengi wanailima. Mwalimu wa Moshi atatumia kahawa, wa Pemba karafuu na wa Tanga mkonge, na njia itabaki ileile.

Siku ya kwanza usiandike kichwa cha somo ubaoni. Ingia darasani na mfuko wa pamba mbegu, yaani pamba ambayo haijachambuliwa, mpe kila mwanafunzi konzi moja, na uwaambie watenge mbegu na nyuzi kwa vidole vyao kwa dakika 20. Dakika za mwanzo huwa ni za vicheko. Baada ya hapo darasa hunyamaza, kwa sababu nyuzi fupi za pamba hung'ang'ania mbegu na ncha za vidole huanza kuuma. Mwishoni tunaweka kwenye mizani nyuzi safi za darasa zima, na uzito wake huwa mdogo kiasi cha kuwashangaza hata wale waliokulia katikati ya mashamba, maana nyumbani kwao pamba huuzwa pamoja na mbegu zake na kuchambuliwa kiwandani.

Hapo ndipo ninapotaja mwaka 1793 na mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney wa Marekani. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba mtu mmoja aliweza kusafisha takribani nusu kilo kwa siku kwa mikono, na kwamba kwa mashine hiyo aliweza kusafisha mara 50 ya kiasi hicho. Mwanafunzi ambaye vidole vyake bado vinauma hahitaji kuambiwa maana yake. Kisha ninauliza: mashine iliyopunguza kazi ya mikono kiasi hiki, je, ilipunguza utumwa? Karibu darasa zima hujibu kwamba ilipunguza. Ninaandika ubaoni takwimu mbili za sensa ya Marekani: mwaka 1790 watumwa walikuwa karibu 700,000, na mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4. Baada ya hapo ninakaa chini na kuwaacha wabishane. Usiwahi kutoa jibu, hata kama kengele inakaribia kulia, kwa sababu atatokea mmoja atakayegundua kwamba kuchambua ndiko kulikokuwa rahisi, ilhali kulima na kuvuna kulibaki kuwa kazi ya mikono, na kwamba kila ekari mpya iliyoleta faida ilidai watu zaidi. Mwanafunzi huyo amefanya uchumi na historia kwa wakati mmoja bila kuambiwa kwamba anahama somo.

Kwenye kona ya ubao ninaandika maswali manne ambayo hayafutwi mwaka mzima: nani alivuna, nani alifuma, nani alibeba, nani alivaa. Hayo ndiyo yanayoliunganisha somo kuliko kauli yoyote ya mwalimu kuhusu uhusiano wa mada. Kila mada mpya inapoanza, mwanafunzi anayauliza yeye mwenyewe.

Sehemu inayostahili muda mwingi zaidi, na mimi huipa wiki nzima, ni safari ya kitambaa kilichoitwa amerikani au merikani. Anza na jina lenyewe, kwa kuwa neno ni ushahidi wa kihistoria unaopatikana bila gharama. Kwa nini watu wa pwani na bara walikiita kitambaa cheupe kisicho na nakshi kwa jina la nchi iliyo ng'ambo ya bahari mbili? Kwa sababu kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ambako wafanyakazi wengi walikuwa wasichana waliotoka mashambani, kwa pamba iliyovunwa na watumwa wa majimbo ya kusini, na kililetwa Unguja na mabaharia wa Salem, bandari ya Massachusetts hiyohiyo, waliozunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani alifika Unguja mwaka 1837. Meli hizo zilirudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, yaani utomvu mgumu wa mti. Pembe zilikatwa huko Connecticut zikawa vitana na funguo za piano, na sandarusi ikawa vanishi ya kupakia samani.

Kwa upande wa bara, kitambaa kilikuwa fedha. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulilipa hongo kwa watemi kwa nguo, na ulinunua chakula kwa nguo zilizopimwa kwa mkono, doti na jora. Wanafunzi wangu wa kike ndio huwa wa kwanza kusema kwamba doti bado iko sokoni, kwenye kanga. Wakati huohuo mwalimu wa jiografia aje aeleze jinsi majahazi ya Kutch na Bombay yalivyokuja na kaskazi yakiwa na kaniki na kurudi na kusi, ili wanafunzi waone kwamba nguo ya Marekani haikuingia katika soko tupu, bali iliingia katika biashara ya Bahari ya Hindi iliyokuwa na karne nyingi.

Zoezi la wiki hiyo ni hili. Gawa darasa katika makundi ya watu wanne, na katika kila kundi mmoja awe mvunaji wa Mississippi, mmoja mfumaji wa Massachusetts, mmoja baharia wa Salem na mmoja mpagazi wa Kinyamwezi. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu maisha yake, kwa sharti kwamba asiandike jambo ambalo mtu huyo asingeweza kulijua. Sharti hilo ndilo lenye mafunzo yote. Mpagazi anayeandika kuhusu soko la watumwa la New Orleans amekosea, na wenzake watamwambia. Zoezi hili huwafikisha wanafunzi kwenye swali la vyanzo, yaani nani aliacha maandishi na nani hakuacha. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliacha maisha yake kwa maandishi ya Kiswahili. Wapagazi waliombebea mizigo hawakuacha. Mwalimu wa Kiswahili ataweza kusoma nao kurasa chache za maandishi hayo na kuwauliza ni watu gani wanaotajwa kwa majina na ni wepi wanaotajwa kwa idadi tu.

Sasa kuhusu kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya. Mwaka wa kwanza nilipofundisha hivi, darasa lilifurahi sana, lakini kwenye jaribio wanafunzi walichanganya karne, na mmoja aliweka Vita vya Maji Maji kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kufuata bidhaa kulikuwa kumewapotezea mpangilio wa wakati. Tangu hapo, kabla ya muhula kuanza, ninafunga ukutani kamba ndefu ambayo sentimita moja ni mwaka mmoja, hivi kwamba kutoka mwaka 1500 hadi 2000 ni mita 5. Kila tukio tunalolikuta linaandikwa kwenye karatasi na kubanwa mahali pake kwa kibanio cha nguo: rangi moja kwa Afrika, ya pili kwa Amerika, ya tatu kwa Ulaya, ya nne kwa Asia. Kutoka mashine ya Whitney hadi vita vya Marekani ni sentimita 68, karibu urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka begani, na kutoka vita hivyo hadi Maji Maji ni sentimita 44, ambazo ni karibu sawa na mkono wa kupimia, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, uliotumika kupimia amerikani. Mwanafunzi akishazipima kwa mwili wake hazisahau.

Kamba hiyo hiyo ndiyo inayofundisha mada ya ubeberu. Vita vilipoanza Marekani mwaka 1861 na bandari za kusini kuzingirwa, viwanda vya Lancashire nchini Uingereza, ambavyo sehemu kubwa ya pamba yake ilitoka huko, vilisimama na wafanyakazi wake wakakosa kazi. Bei ikapanda, Misri na India zikapanua kilimo, na huko Unguja nguo ya Bombay na ya Uingereza ikachukua nafasi ya amerikani. Misri iliingia katika madeni makubwa baada ya neema hiyo ya pamba kupita, Uingereza ikanunua hisa zake za Mfereji wa Suez mwaka 1875, na mwaka 1882 ikaikalia nchi. Miaka miwili baadaye ulianza mkutano wa Berlin. Ujerumani nayo ilitegemea mno pamba ya Marekani na ilitaka mashamba yake yenyewe, na kuanzia mwaka 1902 wananchi wa kusini-mashariki mwa nchi yetu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya jumuiya. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waliing'oa, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Waulize wanafunzi wako: walipong'oa miche ile, walikuwa wanajibu jambo lililoanza wapi? Kisha uwape makadirio ya waliokufa, ambayo huanzia 75,000 na kufika 300,000, na uwatake waeleze kwa nini yanatofautiana kiasi hicho na ni nani aliyekuwa akihesabu.

Kuanzia hapo uzi unakwenda haraka, nami siukalii sana: gurudumu la kusokotea la Gandhi na ziara yake kwa wafumaji wa Lancashire mwaka 1931, Azimio la Arusha mwaka 1967, kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na mitumba iliyoko mgongoni mwa darasa zima.

Usiulazimishe uzi mahali usipofika. Kwa muda mrefu niliamini kwamba Mapinduzi ya Ufaransa hayahusiani na pamba, hadi nilipofuata uasi wa watumwa wa Haiti ulioanza mwaka 1791 na kuona kwamba kushindwa kwa Ufaransa huko kulichangia Napoleon kuiuzia Marekani eneo la Louisiana mwaka 1803, ambalo sehemu yake ikawa mashamba ya pamba. Huo ni uhusiano wa kweli. Lakini Matengenezo ya Kanisa yaliyoanza mwaka 1517 mimi huyafundisha peke yake, kwa vyanzo vyake, na kuyabana kwenye kamba kama mengine.

Kuhusu lugha, mtihani ni wa Kiingereza, lakini ubishi ufanyike kwa Kiswahili kwanza na insha ifuate baadaye. Wanafunzi wanaonyamaza kwa Kiingereza ndio mara nyingi wanaouliza maswali magumu zaidi kwa Kiswahili. Omba vipindi viwili mfululizo, na utenge wiki mbili za mwisho wa muhula kwa ajili ya kupanga upya yote mliyojifunza kwa mada za karatasi ya kwanza na ya pili.

Kazi ya mwisho wa mwaka ni kila mwanafunzi kuchagua kitu kimoja kilichopo nyumbani kwao, kama muhogo, sukari, chai au sufuria, na kukifuata kwa maswali manne kupitia angalau mabara mawili na karne mbili. Unaposahihisha, angalia zaidi pale mnyororo unapokatika. Mwanafunzi aliyeandika wazi kwamba hakupata ushahidi wa nani alivuna, na akaeleza ni wapi alitafuta, apewe alama nyingi kuliko aliyejaza pengo hilo kwa kubuni.