Jinsi ya kuomba akaunti ya GISAID na kuwasilisha jenomu za korona kutoka Kenya

Mashine ya kusoma jenomu imemaliza kazi. Jenomu, yaani maandishi yote ya kinasaba ya kirusi, yenye herufi karibu 29,900, iko kwenye kompyuta, na daktari wa kaunti anataka kujua ni aina gani ya korona inayozunguka kwake. Ukiitazama peke yake haitakuambia mengi. Ni mpaka uiweke kando ya zile za Entebbe, Durban na kwingineko, na mahali pa kuzikutanisha ni GISAID, hifadhi iliyoanza mwaka 2008 kwa ajili ya virusi vya mafua na tangu Januari 2020 ikapokea vya korona.

Anza na vibali. Kama sampuli ni za utafiti, tafuta kwanza idhini ya kamati ya maadili iliyosajiliwa (kwa watu wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ni kitengo chao cha SERU), kisha ndipo uombe leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kupitia tovuti yao. Usigeuze mpangilio huo, maana NACOSTI watakudai barua ya maadili. Leseni hudumu mwaka 1, kwa hiyo andika mapema tarehe ya kuihuisha.

Sasa akaunti. Fungua tovuti ya GISAID, nenda sehemu ya kujisajili, jaza jina lako kamili, taasisi na anwani yake. Tumia barua pepe ya kazini. Ile ya Gmail unayotumia na jamaa zako haithibitishi kwamba wewe ni mtu wa maabara fulani. Utatakiwa kukubali masharti, na hapa soma kweli, usibofye tu. Akaunti ni ya mtu mmoja, nenosiri haligawanywi ofisini. Data za wengine huruhusiwi kuzisambaza kwa asiye na akaunti. Ukizitumia kwenye makala, unazitaja maabara zilizozitoa. Ukishatuma, subiri wakuhakiki. Majibu huja kwa barua pepe.

Ukishaingia, nenda EpiCoV, sehemu ya korona. Jenomu chache zijaze kwenye fomu, moja baada ya nyingine. Zikiwa nyingi, pakua jedwali lao, ulijaze, ulipakie pamoja na faili la FASTA, yaani lile la maandishi lenye majina ya virusi na herufi za jenomu zao. Jina la kila kirusi kwenye jedwali lifanane herufi kwa herufi na lile la kwenye FASTA. Muundo wake ni kama hCoV-19/Kenya/KLF-0123/2021: nchi, namba ya sampuli, mwaka iliochukuliwa. Namba hiyo ibuniwe maabara. Usiweke namba ya faili la mgonjwa hospitalini, achilia mbali jina lake.

Panapokwamisha watu wengi ni tarehe. Sisi tumezoea kuandika 03/04/2021 tukimaanisha Aprili 3. Programu ya jedwali inaweza kuisoma kuwa Machi 4, na mwezi mzima ukahama bila mtu kugundua. Andika 2021-04-03, na safu nzima uipange kuwa maandishi. Tena inatakiwa tarehe mgonjwa aliyochukuliwa sampuli, si siku uliyowasha mashine. Sampuli ikikaa wiki 6 kwenye friza halafu ukaandika siku ya kusomwa, aina iliyokwisha kupungua itaonekana ndiyo kwanza inaingia.

Mahali pia: Africa / Kenya / Kilifi, siyo Kenya pekee, ikiwa kaunti unaijua. Umri au jinsia usipoijua, andika “unknown”, usikisie.

Kuna sehemu mbili za maabara: iliyotoa sampuli na iliyowasilisha. Hospitali ya kaunti iliyochukua sampuli iandikwe kwenye ya kwanza. Maabara kubwa husahau jambo hili, na kwa maoni yangu ni utovu wa shukrani.

Kabla ya kutuma, pitisha faili kwenye Nextclade, programu ya mtandaoni inayokagua ubora wa jenomu. Mashine za kusoma jenomu za aina ya Nanopore hupenda kuruka herufi pale zinapojirudia mfululizo, na herufi 1 ikipotea ndani ya jeni, usomaji wote unaofuata huyumba. GISAID hulinasa hilo na kukuuliza kama umehakikisha. Sehemu zisizosomeka ziachwe na herufi N.

Wapo wanaosita kutuma wakihofia nchi kuadhibiwa, na hofu hiyo haikutoka hewani. Afrika Kusini iliripoti Omicron kwa WHO Novemba 24, 2021, ikapewa jina siku 2 baadaye, na nchi za kusini mwa Afrika zikafungiwa safari. Malizana na wakubwa wako kuhusu hilo kabla ya kubofya, si baada.

Ikikubaliwa, kila jenomu hupewa namba inayoanza na EPI_ISL. Iandike kwenye daftari la maabara kando ya namba ya sampuli. Ukigundua kosa baadaye, usipakie upya ukaleta pacha. Waandikie wahakiki ukitaja namba hiyo, wasahihishe palepale.