Kuanzisha Shamba la Mvinyo la Ushirika Kisiwani Pantelleria, Italia
Andikeni mkataba kwanza, ndipo mtafute ardhi. Sheria ya Italia huruhusu ushirika mdogo kuanza na watu 3, na kwa kawaida kila mwanachama huwa na kura moja hata kama hisa zake ni nyingi. Jambo hilo lielezwe waziwazi kabla ya mtu yeyote kutoa fedha.

Fedha za awali zielekezwe kwenye kuta za mawe zilizojengwa bila saruji, wala si kwenye mapipa, kwa maana ukuta ukibomoka, udongo wa volkano huteremka na mvua. Mzabibu wa zibibbo, aina ya zabibu ya kisiwa hiki, hupandwa ndani ya kishimo chenye kina cha sentimita 20 hivi, kisha hupogolewa ubaki mfupi ili upepo mkali upite juu yake na unyevu udumu shinani. Ustadi huu, ambao UNESCO iliutambua mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu, jifunzeni kwa wazee wa kisiwa. Kazi karibu yote ni ya mkono, hivyo pangeni mapema zamu za jembe na za mavuno ya Agosti. Sehemu ya zabibu huanikwa juani kwa wiki kadhaa, zikigeuzwageuzwa, kabla ya kuchanganywa na mvinyo unaochacha ili kupata passito, yaani mvinyo mtamu wa zabibu zilizokaushwa.