Lepe la dakika 20: namna ya kulala ukiwa peke yako katikati ya bahari

Anayevuka bahari kuu peke yake kwa chombo cha matanga hana wa kumpokea zamu. Katika Vendée Globe, mashindano ya kuizunguka dunia yanayoanzia na kuishia Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, hali hiyo ilidumu siku 64 kwa Charlie Dalin, mshindi wa Januari 2025, na huzidi siku 100 kwa wanaofika nyuma. Humo usingizi ni kazi kama kupandisha tanga, na una utaratibu wake.

Anza na hesabu ya macho. Ukisimama sitahani macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wako ni maili 3 tu za baharini. Meli kubwa utaiona mbali zaidi kwa kuwa ni ndefu kwenda juu. Tuseme maili 12. Ikija kwa noti 20 (yaani maili 20 za baharini kwa saa) nawe unaiendea kwa noti 15, maili hizo 12 huisha kwa dakika 20 na ushei. Ndiyo sababu ya lepe la dakika 20. Penye njia za meli usizidishe hapo. Mbali na nchi kavu, skrini inayoonyesha meli zilizo karibu ikiwa tupu kwa saa kadhaa, jipe dakika 90, yaani mzunguko mmoja kamili wa usingizi. Usitege kengele ya dakika 45 au 60: hapo huenda ndipo umezama kwenye usingizi wa pono, na ukikurupushwa utabaki na mang'amung'amu kwa robo saa au zaidi. Mtu mwenye mang'amung'amu hufungua kamba isiyo yake. Jumla ya kulenga ni saa 4 hadi 5 kila siku.

Tusidanganyane: kanuni ya 5 ya sheria za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 inadai ulinzi wa macho na masikio wakati wote. Vyombo vya kielektroniki hupunguza hatari, havikuondolei wajibu huo.

Kabla ya kulala, zungusha macho upeo wote kwa darubini, kisha nenda kwenye AIS, mtambo unaopokea matangazo ya meli nyingine kuhusu mahali zilipo na mwendo wake. Tega ilie chombo chochote kitakachokupitia ndani ya maili 2 katika nusu saa ijayo. Lakini AIS huona tu chombo kinachojitangaza. Lazima yake ya kimataifa inahusu meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri nje ya nchi. Ngalawa na mashua za wavuvi wa pwani yetu hazimo, na nyingi hazina hata taa ya maana. Kwa hiyo washa rada pia, uiwekee duara la ulinzi, yaani mpaka ambao kitu kikiuingia rada hulia. Januari 2021 baharia Boris Herrmann aligonga meli ya uvuvi akiwa usingizini, zimebaki maili zipatazo 90 amalize Vendée Globe; kengele zake hazikumwamsha. Ukielekea pwani, lala kabla ya kuingia ndani ya maili 30 zake, si baada.

Kisha chombo chenyewe. Punguza tanga kwanza, hata kama upepo wa sasa haujadai: wingu jeusi halingoji uvae koti. Usukani wa kujiendesha una namna mbili, na kila moja hukosea kwa njia yake. Ukishika pembe ya upepo, matanga hukaa sawa, lakini upepo ukigeuka chombo hugeuka nao, pengine kuelekea mwambani. Ukishika dira, njia haipindi, ila upepo ukigeuka tanga kuu linaweza kuvuka upande wa pili ghafla na kuvunja vitu. Karibu na nchi shika dira. Bahari kuu shika upepo, na utege kengele ya mabadiliko ya nyuzi 20. Soma betri pia: ile ya asidi ya volti 12 iliyotulia ikionyesha 12.2 imebaki takriban nusu, na usukani huo ni mlaji. Ichaji kwanza.

Mwili sasa. Kunywa maji, kula kidogo, nenda haja, vua nguo mbichi. Mkanda wa usalama usiuvue. Lala miguu ikielekea omo, yaani mbele ya chombo; chombo kikigonga kitu na kusimama ghafla, magoti yatapokea kishindo badala ya shingo.

Tega kengele mbili zenye umeme tofauti, moja mbali na mkono. Novemba 2018 baharia Alex Thomson, akiongoza kundi lake kwenye Route du Rhum, mashindano ya kuvuka Atlantiki kutoka Ufaransa hadi kisiwa cha Guadeloupe, alipitiwa na usingizi kwa kuwa saa yake ya kumwamsha haikuwa na chaji. Akagonga Guadeloupe, akawasha injini kujinasua, akaadhibiwa saa 24 na kushuka hadi nafasi ya tatu.

Ukiamka, dakika tatu za kwanza usishike kamba yoyote. Soma mwelekeo, mwendo, upepo, skrini, kisha upeo kwa macho. Kama hakuna jambo, tega tena ulale. Lepe tatu mfululizo ni halali.

Usingizi huja kwa wepesi saa nane usiku hadi alfajiri, na tena saa saba hadi saa kumi alasiri. Jioni, saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, hugoma hata ukiwa hoi: tumia muda huo kwa ukarabati. (Kwenye daftari la chombo andika UTC tu, yaani saa moja inayotumika dunia nzima. Saa moja asubuhi ya Mombasa ni 04:00 UTC, na aliyechoka huchanganya.)

Deni la usingizi likizidi utalijua: unasoma utabiri wa hali ya hewa mara tatu bila kuuelewa, unashuka chini na kusahau ulichofuata, unasikia watu wakiongea ndani ya injini. Si mashetani hayo, ni ubongo unaodai chake. Usifanye uamuzi wowote mkubwa. Geuzia omo penye bahari wazi, shusha tanga kuu libaki dogo kabisa, kubali kupoteza maili, na ulale dakika 90 mara mbili, ukiamka katikati kutazama.