Lenzi ipi inaona kama jicho? Anza na ulalo wa sensa

Ukiuliza lenzi gani inaona kama jicho, utajibiwa papo hapo: milimita 50, yaani urefu wa fokasi wa lenzi; kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo lenzi inavyoona eneo jembamba zaidi. Si jibu baya, ila ni nusu jibu. Mimi niliifunga 50 kwenye kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera), na kila nikitaka kupiga watu wawili sebuleni narudi nyuma mpaka mgongo unagota ukutani.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya ulalo, yaani umbali wa sensa kutoka kona hadi kona ya mkabala. Chukua vipimo vya sensa yako. Sensa kubwa inayoitwa fremu kamili ni milimita 36 kwa 24. Kipeo cha pili cha 36 ni 1,296, cha 24 ni 576. Jumla 1,872, na kipeuo chake cha pili ni 43 na ushei. Lenzi inayokaribia urefu huo ndiyo huitwa ya kawaida. Kwa sensa ndogo zaidi ya APS-C utapata kama 28, kwa ile ndogo kuliko hiyo ya Micro Four Thirds kama 22. Kumbe 50 ni ndefu kidogo hata kwa fremu kamili. Imezoeleka tu, tangu kamera ya Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925 ikiwa na lenzi ya 50.

Kwa nini ulalo? Macho mawili huona karibu nyuzi 180 kwa upana, lakini eneo la kusomea herufi halizidi sana nyuzi 2. Kwa hiyo jicho halina milimita zake. Ila picha tumezoea kuitazama kwa umbali unaokaribiana na ulalo wake, na lenzi iliyo sawa na ulalo wa sensa hufanya vitu vya mbele na vya nyuma vionekane kwa uwiano uleule uliouona ulipokuwa umesimama pale.

Hatua ya 2: Usidanganywe na macho mawili. Kuna jaribio maarufu: jicho moja kwenye kitundu cha kuchungulia cha kamera, jingine wazi, unazungusha zumu (lenzi inayobadili milimita) mpaka ukubwa wa kitu kwa macho yote mawili ulingane. Hapo unapima ukuzaji wa kitundu tu. Kikiwa kinakuza mara 0.7 kwa lenzi ya 50, ukubwa utalingana ukifika kama 70.

Hatua ya 3: Jipime wewe. Simama bila kamera, tazama kitu kilichokuvutia. Chagua mpaka wa kushoto na wa kulia wa unachokizingatia. Mathalani kuanzia bawaba ya mlango hadi ukingo wa dirisha. Sasa inua kamera bila kusogeza miguu, zungusha zumu mpaka mipaka hiyo iguse kingo za fremu, kisha soma milimita kwenye lenzi. Rudia mara ishirini, sehemu tofauti, na uandike.

Hatua ya 4: Bandika utepe. Namba iliyojirudia zaidi, iweke, bandika utepe kwenye zumu, upige hivyo wiki nzima kabla ya kununua chochote.

Hesabu ilinipa 43, mazoea yalinipa 50. Daftari langu la kamera ya fremu kamili lilijaa 35, nami nikanunua 35.