Kula kwenye bistro ya Kifaransa Malindi: uliza mchuzi kabla ya kuagiza

Menyu ya bistro nzuri, yaani mkahawa mdogo wa Kifaransa, ni fupi, mara nyingi imeandikwa kwa chaki ubaoni, na hubadilika kufuata kilichopatikana sokoni. Ukikuta vyakula hamsini, jiko hilo linaendeshwa na friza. Kwetu jambo hili lina msimu wake pia: wakati wa kusi bahari huchafuka na mashua nyingi hazitoki, kwa hiyo uliza samaki wa leo ni nani, changu au tewa, na aliletwa lini.

Entrée ni kianzio, plat ndicho chakula chenyewe. Plat du jour ni chakula cha siku, na formule ni bei moja ya sahani mbili, kwa kawaida nafuu kuliko kuagiza moja moja. Kila mtu hupewa sahani yake. Mkitaka kuonjana, ombeni sahani tupu mapema.

Sasa mchuzi, maana hapa ndipo wengi wasiotumia pombe wala nguruwe huteleza. Ukiuliza "Chakula hiki kina pombe?", mhudumu atafikiria pombe ya glasi na kukujibu hapana. Uliza hivi: "Kaka, mchuzi huu umetiwa mvinyo au konyaki? Na nyama ya nguruwe je, hata vipande vidogo?" Boeuf bourguignon (mchuzi wa ng'ombe) na coq au vin (mchuzi wa kuku) hupikwa kwa mvinyo mwekundu. Sosi ya pilipili manga ya steki mara nyingi huanza na konyaki. Supu ya vitunguu nayo huwa na mvinyo mweupe, na quiche lorraine ina bekoni. Hata haradali ya Dijon iliyomo kwenye saladi huenda ikawa na mvinyo.

Ukiambiwa "imechemka, pombe yote imeruka", si kweli. Vipimo vya wizara ya kilimo ya Marekani vinaonyesha kuwa baada ya dakika 15 za kuchemka hubaki karibu asilimia 40 ya pombe iliyotiwa, baada ya saa moja 25, na baada ya saa mbili na nusu 5. Chakula cha flambé, yaani kilichomiminiwa pombe na kuwashwa moto, hubaki na 75.

Samaki meunière kwa asili yake ni unga, siagi, limau na majani ya pasli tu. Kwa asiyegusa pombe hakuna chaguo jepesi kuliko hilo.

Steki ina daraja nne: bleu ni karibu mbichi, saignant ina damu, à point ni ya waridi katikati, bien cuit imeiva kabisa. À point ya Kifaransa ni mbichi kuliko "ya wastani" ya hoteli zetu, basi panda daraja moja. Onglet na bavette, vipande vinavyopendwa sana kwenye bistro, hugeuka ngozi vikiiva kabisa. Mpenda nyama iliyoiva aagize sarara, au paja la bata la confit, lililopikwa polepole ndani ya mafuta yake. (Bata huyo uliza amechinjwa wapi.)

Mkate hauna sahani yake: uweke mezani, umege, ufutie mchuzi.

Kitindamlo kisicho na mashaka mengi ni crème brûlée: viini vya mayai, krimu, sukari na vanila. Baba au rhum, keki iliyoloweshwa kwa ramu, iache. Mousse ya chokoleti huwa na mayai mabichi, mjamzito asiiguse.

Ufaransa bei ya menyu hujumlisha huduma. Hapa soma mkia wa bili: kama ada ya huduma haimo, asilimia 10 yatosha.