Kutazama umbo kwa mbali: ninavyotumia kompleksi ya Rips

Chukua nafasi yoyote yenye kipimo cha umbali. Kama imejaa nukta, mfano mstari wa namba halisi, usihangaike na zote. Chagua nukta zilizotawanyika ili kila mahali pawe karibu na mojawapo, ndani ya kiwango kimoja kisichobadilika. Kwa mstari huo, namba kamili zinatosha.

Sasa chagua namba d. Kila nukta ni kipeo, na nukta kadhaa huunda simpleksi ikiwa kila jozi kati yake ina umbali usiozidi d: mbili hutoa ukingo, tatu pembetatu, nne piramidi ya nyuso nne iliyojaa ndani. Mkusanyiko wa simpleksi zote hizo ndio kompleksi ya Rips. Mwanahisabati Vietoris alijenga hivi mwaka 1927. Rips na Gromov wakaupeleka ujenzi huo kwenye makundi ya kihaipaboli, yaani makundi ya kialjebra ambayo jiometri yake, ukiitazama kwa mbali, ina mpindo hasi.

Usiamini d moja. Hili nalisisitiza kwa kila ninayemfundisha, kwa sababu jioni moja nilichora nukta sita kwenye duara, kila jirani wawili wakiwa na umbali 1 ukipima kwa kufuata duara lenyewe. Kwa d = 1 nilipata duara lenye tundu, sawa kabisa. Kwa d = 2 kila nukta iliungana na zote isipokuwa iliyo mkabala nayo, zikatokea pembetatu nane zinazofunga tufe tupu! Tufe hilo halikuwamo kwenye nukta zangu. Lililetwa na d. Kwa d = 3 kila kitu kilijaa, tundu na tufe vyote vikatoweka.

Kwa hiyo ongeza d hatua kwa hatua, na kila mara uliza: tundu nililoliona linaendelea kuishi ndani ya kompleksi kubwa zaidi? Kwenye gridi ya namba kamili, ukihesabu hatua za wima na za mlalo, d = 1 huacha tundu katika kila mraba. Kwa d = 2 pembe nne za mraba huwa piramidi moja, na tundu linazibika. Yalikuwa mambo ya karibu tu.

Ili kunasa kinachobaki, ruhusu minyororo (mikusanyiko ya simpleksi za kimo kimoja: ukingo una kimo 1, pembetatu kimo 2) isiyo na mwisho, mradi kila kipeo kiguswe na simpleksi chache zenye kikomo. Hapo mstari mzima unakuwa mzunguko, yaani mnyororo usio na mpaka, wa kimo 1, na gridi nzima, inayowakilisha bapa, mzunguko wa kimo 2 kuanzia d = 2. Hata d ikue vipi, mizunguko hiyo haizibiki. Ndiyo maana mstari na bapa, hata ukivitazama kwa mbali sana, havilingani.