Spika za mbao za kujitengenezea: mbao ikauke kwanza

Jozi yangu ya kwanza ya spika ilipasuka mwezi wa nane. Niliitengeneza mwezi wa tatu, mvua bado zinanyesha, kwa mbao za paini nilizonunua hapa Mafinga, mkoani Iringa, zikiwa na utomvu unaonata mkononi. Sisi mbao hazitusumbui. Msitu wa Sao Hill uko jirani na mashine za kupasulia zinalia kila siku. Kinachotusumbua ni kwamba ubao uliopasuliwa asubuhi unaweza kuuzwa jioni. Kiangazi kilipoingia na upepo mkavu, ubao wa mbele ulijipinda, kiungio cha chini kikaachia ufa wa kupitisha kucha. Mama alisimama mlangoni akasikiliza, akasema, "Mwanangu, mbona linalia kama debe?"

Alikuwa sahihi, na sababu yake ndiyo msingi wa kazi yote hii. Karatasi ya spika, ile sehemu ya mbele inayotetemeka, inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta nyuma. Mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana, na besi ndiyo inayokufa kwanza. Boksi lipo ili kuyatenganisha. Likiwa na ufa, hewa inavuja na kupiga mluzi, na mbao iliyolegea inatetemeka na kuongeza sauti yake ambayo haimo kwenye muziki.

Siku hizi boksi natengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18. Matabaka yake yamepishana nyuzi, kwa hiyo haivimbi wala kusinyaa ovyo kama ubao mzima. Ukitaka ubao mzima kwa urembo, upange kivulini chini ya bati, weka vijiti kati ya ubao na ubao, na uwe na subira ya miezi. Kata kipande kimoja kidogo, kiweke palepale na wenzake, na kila Jumapili kipime kwenye mizani ya jikoni. Kikiacha kupungua uzito wiki tatu mfululizo, anza kazi. Fundi mmoja mzee wa Kinyanambo yeye hugonga ubao kwa kidole tu na kukuambia. Namheshimu sana, lakini mimi sikio hilo sina. Ninayo mizani.

Vipimo vyangu ni vya wufa (spika ya sauti nzito) ya inchi 8. Ndani ya boksi: upana sentimita 25, kina 27, kimo 48. Hiyo ni lita 32 na kidogo. Wufa, bomba la kutolea hewa na mhimili wa katikati vinakula kama lita 2, zinabaki 30. Kwa kila boksi kata vipande viwili vya 28.6 kwa 51.6 (mbele na nyuma), viwili vya 27 kwa 51.6 (ubavuni), viwili vya 27 kwa 25 (juu na chini). Usinunue nusu plaiwudi ukidhani utabana matumizi. Nilijaribu, nikakosa nafasi ya vipande vya juu na chini. Nunua nzima, na mabaki yatatoa mihimili ya kuunganisha ubavu na ubavu katikati ya boksi. Bila mhimili, ubavu mpana unacheza kama ngozi ya ngoma.

Tundu la wufa lichore kwa kupima spika yenyewe iliyo mkononi mwako, kwa sababu inchi 8 ya mtengenezaji mmoja si inchi 8 ya mwingine. Toboa kwa drili, kisha zungusha kwa jigsoo taratibu. Kama huna vibanio, kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe mikanda mirefu. Paka gundi ya mbao kingo zote mbili, unganisha, kisha zungusha mikanda ukiivuta kwa nguvu. Inabana pande zote kwa usawa na haiachi alama. Hapa kwetu usiku ni baridi na gundi inachelewa kushika, basi acha siku nzima. Kipande cha tyubu hiyohiyo kinafaa kuwa kizibo kati ya wufa na ubao. Kabla ya kufunga ubao wa nyuma, pitisha gundi kwa kidole kwenye kona zote za ndani. Zote. Kona unayoiacha ndiyo itakayopiga mluzi.

Bomba la kutolea hewa ndilo ninalolipenda kuliko kitu kingine. Mwaka 1961 Mwaustralia Neville Thiele alichapisha hesabu za kuoanisha wufa, ujazo wa boksi na bomba, na hesabu hizo zinatumika hadi leo. Lakini spika nyingi tunazopata huku zimetolewa kwenye redio zilizokufa na hazina karatasi ya vipimo, kwa hiyo tunapima kwa macho. Chukua bomba la plastiki la maji lenye upana wa ndani wa sentimita 7, urefu 16, ulitie kwenye tundu lake bila gundi. Kwa boksi la lita 30 hapo unakuwa karibu na hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde). Ukilipunguza hadi 12, unafika kama 47.

Sasa pakua kwenye simu programu ya kutoa toni, unganisha na amplifaya, sauti ndogo. Anza hezi 80, shuka polepole huku ukiitazama karatasi ya wufa. Utaiona ikicheza. Halafu, mahali fulani kwenye arobaini na kitu, inatulia, karibu isimame, ilhali toni bado unaisikia. Weka mshumaa mbele ya bomba: mwali unayumba na kulala. Hapo hewa ya bomba ndiyo inayofanya kazi, wufa imepumzika. Ukishuka zaidi ya hapo, karatasi inaanza kuruka bila mshikamano, basi usiongeze sauti. Kata bomba nusu sentimita kwa nusu sentimita, sikiliza muziki unaoujua vizuri, na ukiridhika lifunge kwa gundi.

Nyaya ni kazi fupi. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za wufa mara moja: karatasi ikitoka nje, ncha iliyogusa chanya ndiyo chanya. Weka alama. Ukizigeuza kwenye spika moja kati ya mbili, besi itapotea sebuleni na utalaumu boksi bure. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, usiiunge moja kwa moja. Ipitishie kapasita isiyo na chanya na hasi ya maikrofaradi 4.7, kwa twita ya omu 8 inazuia sauti nzito zilizo chini ya hezi 4,200 hivi, ambazo zingeiunguza. Ndani, tandaza kipande cha blanketi kuukuu kwenye kuta, na mdomo wa bomba uuache wazi.

Kumalizia kunataka hali ya hewa. Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, ukifuata nyuzi za mbao. Vumbi la msasa lichanganye na gundi uzibe matundu. Vanishi nzuri ya kukauka haraka inashika unyevu ukiipaka kwenye ukungu: itakauka na wingu jeupe juu yake. Juni na Julai huku Mufindi mimi hupaka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana tu, na jua likikataa nasubiri kesho. Tabaka tatu nyembamba, ukipitisha msasa 240 kidogo sana kati ya moja na nyingine, hushinda moja nene inayotiririka.

Zikishakauka, usizisukume hadi ukutani. Kona inaongeza besi hadi inafunika maneno ya waimbaji. Za kwetu ziko sentimita 30 kutoka ukutani, juu ya viti vifupi, na twita ziko usawa wa masikio ya mama anapokaa kwenye kochi lake.